Mjane wa Gati Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kaniita kabla sijaweka mkoba chini. Anataka tanzia. Nikauliza nani kafa. Kasema bado, ila Jumamosi ya tarehe kumi na tano atakuwa kafa: ile meli ya matanga ya gati namba nne. Maneno mia nane, "yenye machozi kidogo, mama." Huyu kijana nilimfundisha kazi mimi. Machozi sikumfundisha.

Nimeenda. Kwanza vinavyopimika: meli ya chuma, milingoti mitatu, urefu mita sitini na nne, umri miaka mia moja na minane. Injini haina, haijapata kuwa nayo. Jina pia haina. Kila mmiliki alichomelea herufi zake nyuma ya meli, aliyefuata akazikwangua. Sasa pale pamebaki makovu tu. Bandarini wanaiita Mjane, maana imeshazika waume sita.

Wa saba ni mwanamke! Mwalimu mkuu mstaafu, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Anataka meli ibebe chumvi na mbao kwenda visiwani kwa upepo mtupu. Aliinunua kwa sharti moja: ndani ya siku tisini ipate cheti cha kwenda baharini. Isipopata, inakwenda kwa mkata vyuma. Zimebaki siku kumi na mbili. Nikamuuliza ikishindikana atakaa wapi. Kaonyesha mlango wa chumba cha nahodha — kitanda, vitabu, sufuria mbili. Anaishi humo. Kwingine hana.

Mkata vyuma mwenyewe nimemkuta palepale, kanipokea kama mwenyeji. Wanamwita Bwana Chaki. Anapita na kipande cha chaki akichora mistari ubavuni mwa meli, ndipo pa kukata. Nyuma yake Mwalimu anapita na kitambaa kibichi, anafuta. Siku ya sabini na nane hiyo wanafanya hivyo. Hawagombani. Bwana Chaki kasema, "Dada, miaka yangu yote ya shule sijaona mwalimu wa kufuta ubao mwenyewe. Huyu wa kwanza."

Jumanne, 4 Machi

Leo nilikuwa na Serahangi. Ndiye msimamizi wa mabaharia, au angekuwa, kama mabaharia wangekuwapo. Umri sabini na minne, nywele kazipaka rangi nyeusi ti. Kaja na meli kama kutu: kila mmiliki akinunua chuma anamkuta na yeye ndani.

Kanipa wamiliki wote, nami nimewahakiki kwenye daftari la bandari. Wa kwanza kampuni ya ngano, ndiyo iliyoiunda. Wa pili ndugu watatu wauza saruji. Hapo ndipo yeye alipoingia, kijana wa kumenya viazi. Wa tatu chuo cha mabaharia — meli ikapakwa rangi nyeupe, na ndiyo mara ya mwisho kutweka matanga, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Wa nne mwenye hoteli aliyeifanya ukumbi wa dansi na kutoboa sitaha apitishe bomba la jiko. Wa tano muuza matairi, ikawa ghala. Wa sita warithi wake, ndugu watano wasiosemezana. Chini yao ilifungwa gatini miaka kumi na mmoja, maana kila mmoja alikuwa na ufunguo wa kufuli lake.

Serahangi anasema amepata kuacha kazi mara tatu kwa heshima zake. Daftari linasema alifukuzwa mara mbili. Ya tatu sijaiona, nimempa.

Nikauliza mmiliki yupi alikuwa bora. Kafikiri sana. Kasema wa dansi. Kwa nini? "Alikuwa na kiyoyozi."

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi wa vyombo kafika. Mwembamba, kimya, mfuko wa shati una kalamu mbili na nyundo ndogo. Anagonga bamba moja la chuma, anainamisha sikio, anakwenda la pili. Saa tatu nzima! Nilihesabu mapigo mpaka mia nne, nikaona ni ujinga, nikaacha.

Mwalimu alimfuata hatua mbili nyuma. Mtu aliyekagua wengine maisha yake yote, leo anakaguliwa. Alikuwa akijibu maswali ambayo hajaulizwa.

Mwisho mkaguzi kasema maneno ambayo nimeyapata yote kwa sababu yalikuwa machache: juu ni kuzuri kuliko alivyotarajia. Jumanne atarudi kuona ngama, yaani kule chini kabisa maji ya meli yanakojikusanya. Ngama ikiwa nzima, Jumamosi meli ijitoe gatini kwa matanga, ifike boya la nje, igeuke, irudi. Tagi, ile boti ya kuvuta meli, itatangulia na kamba, kwa usalama tu. Ikiivuta hata hatua moja, hakuna cheti.

Bwana Chaki kamuuliza je, anaonaje, itapita? Mkaguzi kamwambia chuma hakisemi mara mbili. Hakuna aliyeelewa. Wote waliitikia kwa kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Baba watoto anatimiza miezi saba ya kustaafu. Miaka thelathini na nane ya kuchomelea vyuma, na mikono haijapata habari. Leo kachomelea bawaba ya geti. Imeshika vizuri mno, geti halifunguki. Tumeenda kumtembelea dada yangu kwa kuruka ukuta. Mimi, na sketi hii.

Dada kauliza hii ndoa inaendeleaje. Nikamwambia imeshikamana.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ndefu. Naandika kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi Serahangi kaenda kung'olewa jino. Hilo ni la kukumbuka, maana angekuwapo yasingetokea.

Saa tatu wakaja wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, kumi na wanne. Kusema wanafunzi ni mazoea tu: muuza nyama ana wajukuu, fundi cherehani ndiye anayeshona matanga, muuguzi mkuu wa zahanati anaongoza watu thelathini. Wakafika mbele yake wakajipanga mstari bila kuambiwa! "Shikamoo mwalimuuu." Muuza nyama alikuwa kachelewa dakika tano, akabaki kusimama kwenye ngazi mpaka kaitwa.

Sasa, shuleni kwake palikuwa na sheria. Kesho mkaguzi anakuja? Leo kila kitu kinasuguliwa, mpaka chini ya madawati. Ndivyo walivyolelewa. Wakashuka ngamani na patasi, brashi na ndoo. Mkaguzi hakuwaambia wasafishe. Mwalimu naye hakuwaambia wasuguane na chuma. Hakukuwa na haja ya kuwaambia.

Walitoa tope la miaka thelathini. Walitoa viatu vya dansi, kushoto vitano, kulia kimoja. Saa tano kasoro, pembeni ubavu wa kulia, muuza nyama akakuta donge la saruji, kubwa kama sanduku la nguo, limegandana na chuma. Chafu. Akauliza hili nalo? Fundi cherehani akajibu, "Unataka mwalimu alione?"

Basi! Patasi na nyundo. Watu watatu walipokezana. Walikuwa wakiimba. Saa tano na dakika ishirini donge likatoka zima, na nyuma yake ikaja bahari.

Si yote. Mshipa wa maji mnene kama mkono wangu, ukapiga ukuta wa pili. Tundu, na karibu yake ufa. Wale ndugu wauza saruji zamani walipata uvujaji wakauziba kwa walichokuwa nacho. Miaka hamsini na kitu meli imeelea kwa mfuko mmoja wa bidhaa yao.

Muuguzi ndiye aliyepiga amri ya kwanza: bonyeza! Godoro la Mwalimu likashushwa, likabandikwa pale, na juu ya godoro muuza nyama akaweka mgongo. Kilo mia moja na ishirini, kwa tamko lake mwenyewe. Akakaa amelisukuma godoro saa moja na dakika kumi. Akawa anaomba radhi mfululizo. Mwalimu alishuka, maji yakamfika magotini, akavaa miwani, akatazama. Akasema, "Kazi nzuri. Mmefika mpaka mwisho." Muuza nyama akaangua kicheko, wote wakafuata, na godoro likaanza kuteleza. Ikabidi watishwe ili wanyamaze.

Bwana Chaki alileta pampu bila kuombwa. Nikamuuliza kwa nini. Ikizama si ni yake? Kasema iliyozama anaipata mwenye nyambizi.

Serahangi karudi saa saba, shavu limevimba, pamba mdomoni. Kuona donge kwenye sitaha akashika kichwa. Alitukana kwa mikono tu, dakika kumi, na hakuna hata mmoja aliyekosa kumwelewa. Kumbe alikuwa anajua siku zote. Halafu akachukua mbao, akatengeneza kasha palepale pa zamani, akaagiza saruji ya kukauka haraka. Saa kumi maji yalikuwa yamekoma.

Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ngamani. Tumerejea. Tumekuta maji.

Kisha likaja suala lenyewe. Serahangi kaandika kwenye ubao wa kete: PAKA TOPE. MKAGUZI HATAONA. Wakanigeukia mimi. Nikawaambia nilikuwapo, nimeona, nina saa na dakika. Nikiandika, nitaandika nilichoona. Sikuwatisha, niliwaarifu tu. Fundi cherehani kaniambia kumbe ndiyo maana watu hawawapendi waandishi. Nikamwambia zipo na sababu nyingine.

Mwalimu alikuwa anakamua sketi. Kasema paa la shule yake lilivuja miaka sita, na kila mkaguzi akija yeye anaweka kabati chini ya uvujaji. Siku moja kabati likaoza, likamwangukia mkaguzi. "Kesho nitamwonyesha mwenyewe," kasema. "Mapema. Kabla hajakaa."

Nguo zangu zinanuka ngano ya kale. Nimemsimulia baba watoto. Hakuuliza kama niko salama. Kauliza unene wa bamba.

Jumanne, 11 Machi

Mkaguzi kashuka ngamani saa tatu. Mwalimu kamwonyesha kasha, kamweleza yote, hakuruka kitu, hata viatu. Mkaguzi kasikiliza. Akachutama, akagonga kulizunguka kasha, sikio karibu kugusa chuma. Nilimtazama Mwalimu — mikono nyuma, vidole vimeshikana.

Mkaguzi kasema katika meli kumi za umri huu nane zina saruji mahali, na hii ndiyo mara ya kwanza kuonyeshwa. Zote nyingine aliikuta mwenyewe. Chuma cha pembeni ni kizima. Lakini saruji haibebi chumvi. Anataka bamba la chuma, lichomelewe kwa nje, kabla ya Ijumaa saa kumi.

Kwa nje! Tundu liko nusu mita chini ya maji. Chelezo cha kupandishia meli kina foleni ya miezi miwili.

Serahangi, mdomo sasa umefunguka kwa bahati mbaya, kasema meli haina haja ya kupanda. Iinamishwe tu. Uzito wote upelekwe kushoto, kulia kutainuka. Walifanya hivyo wakati wa chuo, walipokuwa wanapaka rangi. Mkaguzi kafikiri, kasema halikatazwi.

Bamba? Bwana Chaki kasema analo zuri, milimita kumi na mbili. Na mashine ya kuchomelea. Na jukwaa la kuelea. "Naazimisha," kasema. "Si itarudi kwangu na meli juu yake."

Fundi? Nilijizuia kumtaja baba watoto. Kwa sekunde nne hivi.

Jioni nimempigia mhariri kumjulisha kwamba mume wangu sasa yumo ndani ya habari. Kaniuliza kama hilo linaharibu tanzia. Nimemwambia linaharibu mengi.

Alhamisi, 13 Machi

Mifuko ya mchanga mia tatu na sabini kutoka kulia kwenda kushoto, mkono kwa mkono, watu kumi na wanne. Mapipa ya maji yamejazwa kushoto. Saa sita meli ikaanza kulala pole pole kama mtu anayegeuka kitandani. Sufuria za Mwalimu zikatembea. Saa nane tundu likachomoza, shimo dogo lenye aibu, lenye saruji ya Serahangi ndani.

Baba watoto kapanda jukwaa na kofia yake ya zamani. Alikuwa ameipangusa jana mara mbili, akidhani simwoni. Kachomelea kwa saa tatu na nusu. Muuza nyama alishika jukwaa lisisogee, Bwana Chaki alimpa vijiti vya kuchomelea, na kila kijiti maneno: "Polepole mzee, hilo bamba langu." — "Nenda kachore chaki, unanizibia mwanga." Wameelewana. Inasikitisha kidogo.

Serahangi aliuliza kwa sauti kama huyu fundi ndiye yule wa geti. Nani kamwambia? Mimi tu ndiye ninayejua. Basi ni mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Meli imenyooshwa. Mkaguzi kagonga bamba jipya mara kumi na tisa. Kamwambia baba watoto, "Hii imeshika." Nyumbani kanirudia sentensi hiyo njia nzima, na tulipofika getini akaniangalia. Nikaruka ukuta.

Mhariri anataka leo niandike habari mbili, moja ya kupita, moja ya kufa, achague kesho saa sita. Nimekataa. Miaka thelathini na mmoja sijazika mtu anayebisha.

Imebaki kwenda na kurudi. Matanga yako manne badala ya kumi na sita. Fundi cherehani kasema cherehani yake ni ya magauni. Mtu mmoja tu kati yetu amewahi kuiona meli hii ikitembea.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa juu ya meli, nimekalia fungu la kamba karibu na usukani.

Saa 3:05. Upepo unatoka nchi kavu, wa wastani. Mkaguzi kapanda na karatasi ya cheti kwenye kibao. Haijasainiwa. Mwalimu kavaa gauni la siku za mahafali. Bwana Chaki yuko gatini, kaja na mke wake, na viti viwili.

Saa 3:30. Kamba za gati zimeachiwa. Ile ya tagi imefungwa mbele, imelegea kama ilivyoagizwa.

Saa 3:40. Tanga la kwanza halipandi. Watu kumi na wanne wanavuta, kila mtu kwa wakati wake. Serahangi anapiga kelele wavute pamoja, waimbe! Hawajui wimbo wa baharini hata mmoja. Meli inasogea kuelekea gatini, ubavu kwanza. Mkaguzi kaangalia saa.

Mwalimu kavaa miwani. "Saba mara moja!"

"SABA!" — wakavuta.

"Saba mara mbili!"

"KUMI NA NNE!" — wakavuta.

Tanga likapanda juu mpaka saba mara kumi na mbili. La pili kwa hesabu ya nane. Muuza nyama kakosea nane mara saba, kamba ikarudi mita nzima. Wenzake wamemtazama vile ambavyo nadhani walimtazama darasa la tatu.

Saa 4:02. Matanga manne yote. Kwanza hakuna kitu. Kisha mlio kutoka chini, mzito, chuma kikijinyoosha. Maji yanapita ubavuni. Gati linarudi nyuma. Nimeangalia mara mbili kuhakikisha si gati linalotembea. Meli inakwenda! Bwana Chaki kasimama juu ya kiti, anapunga. Sijui anapunga nini, kwaheri au chuma chake.

Serahangi kwenye usukani analia waziwazi, rangi ya nywele inamshukia shingoni. Naandika kwa sababu ni kweli.

Saa 4:20. Kasi inaongezeka. Nahodha wa tagi anatusemesha kwa kipaza sauti: tupunguze, tunamkaribia. Serahangi kajibu kwa mkono.

Saa 4:26. Tumempita. Kamba sasa inaelekea nyuma, na tagi ndiyo inayovutwa. Mkaguzi kainama juu ya ukingo akaitazama. Kasoma tena sharti lake: tagi isiivute meli. Kinyume chake hakijaandikwa. Tagi imefungua kamba.

Saa 4:31. Boya la nje liko mbele, jekundu. Mwalimu kamwambia Serahangi sasa tugeuke. Serahangi kasema ndiyo. Kisha kasema, kwa sauti ya chini ambayo nimeisikia kwa kuwa niko karibu, kwamba wakati wa chuo yeye alikuwa juu ya mlingoti. Kwenda anakujua. Kugeuza walikuwa wanageuza watu wa chini.

Mwalimu hakupandisha sauti. Kauliza ni lini alifikiri kulitaja hilo.

"Leo, mwalimu."

Saa 4:36. Boya limepita kulia kwetu. Karibu, ningeweza kuligusa kwa mwavuli. Mbele ni bahari tupu. Watu kumi na wanne wamesimama na kamba mikononi, wanamtazama Mwalimu. Mwalimu anamtazama mkaguzi. Cheti kiko kwenye kibao, kalamu juu yake. Kwenda imekwenda. Kurudi bado.

Mkaguzi kalitazama boya likibaki nyuma, muda niliouona mrefu. Saa inasema sekunde ishirini. Kisha kaweka kalamu mfukoni. Kavua koti, kalikunja, kakiweka kibao chini yake kisipeperuke. Kakunja mikono ya shati. Kamuuliza Serahangi kamba ipi ni ya tanga la nyuma. Kasema aliwahi kuwa baharia miaka miwili kabla ya karatasi kumchukua, na kama kumbukumbu haimdanganyi, kugeuza huanzia nyuma, kwa pamoja, na usukani unafuata, hautangulii.

"Mwalimu," kasema, "anzisha ya tisa. Kwa sauti." Halafu kanigeukia, kamba mkononi: "Na wewe mama, weka hilo daftari, hapa tumepungukiwa mtu —"